Chupa ya Udongo Dirishani

Kabla sijaingia kwenye mazungumzo ya leo, naomba tufanye kazi ndogo pamoja. Tafuta chupa tupu ya maji, ile ya lita moja, inayoonyesha ndani. Toka nje na jembe, chimba. Usichote udongo wa juu wenye mizizi na majani. Shuka mpaka shimo limeze mkono wako hadi kwenye kiwiko, hapo ndipo uchukue. Ponda mabonge, tia udongo huo hadi theluthi ya chupa, jaza maji, ongeza chumvi kidogo kama ya kuungia mboga, funga kifuniko, tikisa mpaka mkono uchoke. Kisha iweke dirishani, na tangu hapo isiguswe. Tutairudia kabla kipindi hakijaisha. Wewe uliye kwenye daladala, sikiliza tu. Udongo hauna haraka, utaukuta nyumbani.

Nazungumza nawe kutoka Elerai, kata ya upande wa machweo wa jiji la Arusha. Mwenyeji anaijua: kila mwezi kuna msingi mpya, kila asubuhi mashine za kufyatulia bloku zinanguruma kabla jua halijachomoza, malori ya mchanga na moramu yanapishana kwenye vumbi, na juu ya yote Mlima Meru unachungulia mawingu yakipenda. Jiji sasa lina watu zaidi ya laki sita kwa sensa ya 2022, na wote wanataka paa.

Jina lenyewe Elerai ni la Kimaa. Olerai ni ule mgunga mrefu wenye gome la njano, ambao haupendi kumea popote ila mahali ambapo maji hayako mbali na uso wa ardhi. Kwa hiyo walioliita eneo hili Elerai walituachia taarifa ya kitaalamu ndani ya jina: hapa chini kuna maji. Migunga mingi tumeikata, jina tumebaki nalo, na mtu anachimba msingi wa futi moja katikati ya masika akishangaa ukuta unanyonya unyevu mpaka dirishani. Nimeanza na hilo kwa makusudi, kwa sababu sehemu kubwa ya elimu ya kujenga kwa udongo iko hivyo hivyo. Ipo, imehifadhiwa mahali, ila hatuisomi.

Mwaka juzi niliamua kujenga jiko la nje na stoo kwenye kiwanja changu kwa udongo mtupu, kwa mikono yangu. Nilikuwa nimezungumzia sana mambo ya mazingira kwenye redio hii, nikaona ni haki nami nilishike tope lenyewe. Nikatengeneza kalibu ya mbao, nikachota udongo mweusi wa pembeni mwa migomba, mzuri, laini, unaonukia mvua, nikafyatua tofali mia mbili na zaidi. Baada ya siku tisa za jua, karibu zote zilikuwa zimepasuka kama mguu wa mtu asiyevaa viatu.

Jirani yangu ni mama wa makamo ya juu ambaye mtaa mzima tunamwita Yeyo, yaani mama. Alipita akaniona nimesimama juu ya zile tofali. Nikamsalimu, "Takwenya." Akaitikia, "Iko." Akainama, akaokota kipande, akakilowesha kwa ncha ya kidole, akakinusa. Akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, huu ni wa migomba. Huwezi kulisha migomba na nyumba sahani moja."

Alikuwa ametaja kwa sentensi moja jambo ambalo wataalamu wa udongo huliandikia kurasa. Udongo wa juu wa miteremko ya Meru umetokana na majivu ya volkano yaliyochanganyika na mboji ya miaka mingi. Ni mwepesi, unafyonza maji kama sifongo, na ukikauka unasinyaa kupita kiasi. Ndiyo maana kahawa na ndizi zinastawi, na ndiyo maana tofali zangu zilipasuka. Udongo wa kujengea haunukii. Ukinusa ukasikia harufu ya shamba, urudishe shambani.

Yeyo akanituma nikachimbe upande wa pili wa kiwanja, chini zaidi, kwenye udongo wa kahawia unaoelekea wekundu. Akachota konzi moja, akanyunyizia maji, akaukanda, akafinyanga tonge la ukubwa wa ngumi, akaliachia kutoka usawa wa kiuno. Lilipofika chini likagawanyika mapande matatu au manne. Akaitikia kwa kichwa. Lingenata chini kama chapati, maji yangekuwa yamezidi. Lingetawanyika vumbi, udongo usingekuwa na mnato. Akachukua pande moja, akalisokota kama kamba nene kiasi cha kidole gumba, akaisukuma polepole ukingoni mwa benchi mpaka ikaning'inia na kukatika yenyewe. Kipande kilikuwa na urefu wa kidole chake cha kati. Kikikatika kifupi kama kucha, mchanga umezidi. Kikiendelea kurefuka bila kukatika, mfinyanzi umezidi, na tofali litapasuka. Mwisho akaweka chembe kati ya meno ya mbele, akasaga. Mchanga hulia kwenye meno, mfinyanzi hunata.

Vipimo hivyo vinne, cha kunusa, cha tonge, cha kamba na cha meno, ndivyo hivyo hivyo wanavyofundishwa wasanifu majengo wanaokwenda Grenoble, Ufaransa, kwenye kituo cha CRAterre, kilichoanzishwa 1979 kwa ajili ya elimu ya ujenzi wa udongo tu. Watu hutoka mabara yote kwenda kujifunza huko. Yeyo alijifunzia kwa mama yake, alipokuwa binti wa kubeba maji na kukanyaga tope, na hajawahi kuulizwa na mtu yeyote mwenye daftari.

Kwa jamii ya Kimasai nyumba ni kazi ya mwanamke tangu nguzo ya kwanza hadi siriba ya mwisho. Enkaji inafumwa kwa fito, inakandikwa, inasiribwa kwa mchanganyiko wa tope na mavi ya ng'ombe, na mwenye nyumba ndiye fundi wake. Pwani nako, kwenye zile nyumba za fito na boriti, kukandika ilikuwa shughuli ya mtaa mzima. Wagogo na Warangi wana tembe, yenye paa la udongo bapa lililobebwa na magogo, na Wairaqw wa Mbulu waliwahi kuichimbia tembe ubavuni mwa kilima hata adui akipita asiione. Nchi moja, namna nyingi za kulishika tope, na kila namna ilitokana na mvua ya mahali, miti ya mahali na hofu za mahali.

Ni nini basi kilichotutenga na ujuzi huo? Nina maoni yangu, na nitayasema waziwazi.

Boma la Wajerumani hapa mjini, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilikamilika 1900. Lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru, muda mfupi baada ya watu hao kupigwa vita na kunyang'anywa mifugo. Tangu siku ile, ukuta mweupe wa mawe ukawa uso wa mwenye amri, na nyumba ya udongo ikawa uso wa anayeamriwa. Serikali zilibadilika, picha ile haikubadilika. Uhuru ulipokuja, kila mtu kwa haki yake alitaka nyumba inayofanana na ya mwenye amri.

Kiwanda cha kwanza cha saruji nchini, cha Wazo Hill, kilianza uzalishaji 1966. Mwaka uliofuata, hapa hapa Arusha, likatangazwa Azimio la Arusha. Miaka kumi baadaye, 1977, Mwalimu Nyerere alipopima tulikofika aligusa hata jambo hili la nyumba. Alilalamika kwamba watu wana udongo wa kufyatua tofali na vigae vijijini mwao, lakini wanakaa kungoja bati na saruji, ambayo aliiona imekuwa kwetu udongo wa Ulaya. Aliuita ugonjwa wa akili iliyopooza. Ni maneno makali, na sidhani kama wakati ule yalisikika, kwa sababu miaka hiyo hiyo kampeni za nyumba bora zilikuwa zinaendelea, na machoni pa wengi nyumba bora ni ile yenye bati juu na saruji chini.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Nyumba ya udongo ambayo wengi wetu tumeiona, iliyoinama, iliyoliwa chini na matone ya mvua, yenye panya kwenye fito, ni nyumba iliyojengwa na mtu aliyekuwa anangoja saruji. Hakuweka msingi wa mawe kwa sababu ni ya muda. Hakurefusha paa kwa sababu bati zilipungua na, hata hivyo, ni ya muda. Hakusiriba upya baada ya masika kwa sababu mwakani atajenga ya bloku. Miaka ishirini ikapita katika muda huo. Masika ilipoiangusha, tukasema udongo umeshindwa. Udongo haukupewa nafasi. Ambaye hakufundishwa kushona akishona kanzu ikachanika kwapani, hatulaumu pamba.

Sasa nikueleze tulivyojenga, nisije nikabaki kulalamika.

Msingi ni mawe ya Meru, yale meusi yenye vitundu, yamepandishwa juu ya ardhi mpaka karibu na goti, kwa sababu ya ile migunga niliyokutajia. Maji ya chini hupanda ukutani kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kandili, na goti moja la jiwe, pamoja na karatasi ngumu ya nailoni juu yake, linakata utambi huo. Juu yake zikaja tofali mbichi, zilizokaushwa kivulini kwanza, zikageuzwa kusimama kwa ubavu, zikakaa wiki nne. Haraka ya kuzianika juani ndiyo huzipasua hata udongo ukiwa mzuri. Tulizijengea kwa tope lile lile zilimotoka. Vijana waliokuja kunisaidia, saidia fundi wa mitaa hii, walitaka sana tuweke udongo-saruji kati ya tofali ili "ishike." Nikawaambia yale niliyofundishwa: kiungo kikiwa kigumu kuliko tofali, nyumba ikicheza kidogo tu, tofali ndilo linalovunjika. Viwe sawa, vicheze pamoja.

Ukuta una unene wa futi moja na robo. Unene huo si kwa ajili ya nguvu peke yake. Unajua baridi yetu ya Juni na Julai, huku mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, asubuhi unapoona mvuke ukitoka mdomoni. Ukuta mnene wa udongo hunywa joto la mchana polepole na kulitoa usiku. Ukuta wa bloku wa inchi tano hauwezi kazi hiyo, na bati lisilo na dari ndilo linalomaliza mambo.

Juu ya ukuta tukafunga mkanda wa zege na nondo kuzunguka nyumba nzima. Ndiyo, saruji tulitumia. Siichukii. Inastahili kuwekwa pale ambapo kazi yake haina mbadala, kidogo kidogo, kama pilipili. Ili uipate lazima mawe ya chokaa yachomwe kwenye tanuru kwa joto la karibu nyuzi 1,450, na viwanda vya saruji vya dunia nzima vinatoa asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na shughuli za binadamu. Tofali la kuchoma nalo halina neema, maana kila tanuru ni rundo la magogo, na milima yetu inajua yalikotoka. Tofali bichi linachomwa na jua peke yake.

Mkanda ule nilisisitiza kwa sababu ya tetemeko. Tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Julai 2007 ardhi ilitikisika huku kwa siku nyingi, kitovu kikiwa upande wa Gelai na Ziwa Natron, na wengi wetu tulilala nje. Septemba 10, 2016, tetemeko la Bukoba liliua watu zaidi ya 15 na kuangusha maelfu ya nyumba, nyingi zikiwa za udongo na za tofali za kuchoma zisizofungwa juu. Kwa hiyo anayekuja kwako na kukuambia udongo ni salama tu kwa kuwa ni wa asili, usimkubalie. Ukuta wa udongo ni mzito, na uzito usiofungwa unaua. Pembe zifungamane, madirisha yakae mbali na pembe, mkanda uzunguke bila kukatika.

Paa likatoka nje ya ukuta futi tatu kila upande. Hilo ndilo lililonigharimu bati za ziada, na wala sijuti, kwa sababu tone la mvua lisilogusa ukuta halihitaji dawa.

Halafu ikaja siriba, na hapa naomba nikae kidogo.

Yeyo alikuja na wenzake wawili, asubuhi, na ndoo. Tope lilikuwa limelala siku tatu chini ya magunia: udongo uliochekechwa, mchanga, majivu ya jikoni, na mavi mabichi ya ng'ombe, kiasi cha ndoo moja kwa ndoo nne. Siku ya kwanza lilinuka zizi. Siku ya tatu lilikuwa na harufu ya majani makavu, na likivutwa kwa vidole linaacha utelezi kama wa bamia. Wakalowesha ukuta kwanza, kwa kunyunyiza, maana ukuta mkavu hunyang'anya tope maji yake kabla halijashika. Tope la kwanza halipakwi, linatupwa. Mkono unarudi nyuma kidogo, tope linatoka kiganjani, pa! linauma ukuta. Likishauma, kisigino cha kiganja kinalisukuma kwenda juu, kisha ubavu wa mkono uliolowa unapita juu yake kwa nusu duara. Kila mama ana nusu duara yake. Ukuta wangu wa mashariki ulikuwa na alama za aina tatu, na baada ya saa moja ningeweza kukuambia wapi amepita nani bila kuuliza.

Nilijaribu. Tope langu la kwanza lilibaki mkononi, la pili likaanguka chini, la tatu likashika lakini nene kama mkate. Yeyo akanishika kifundo cha mkono, hakusema neno, akaurusha mkono wangu kana kwamba ni wake. Tope likaingia. Mpaka leo siwezi kukueleza kwa maneno tofauti ya mrusho wangu na mrusho wake, ila mkono unaijua. Nimesoma vitabu kadhaa juu ya siriba, vizuri kabisa, na hakuna hata kimoja kilichonipa kile nilichopewa katika sekunde ile.

Kesho yake walirudi kukagua nyufa ndogo, wakazifunga kwa uji mwembamba wa udongo huo huo. Sasa ukipitisha kiganja kwenye ukuta mkavu unahisi vijiti vidogo vidogo, majani yaliyosagwa tumboni mwa ng'ombe. Hivyo vijiti ndivyo nondo za plasta ile.

Nina kisa kingine cha kinyume chake, na kinaniuma. Nyumba ya marehemu baba, iliyoko kijijini, ilikuwa ya tofali mbichi, imesimama vizuri miaka mingi. Siku moja tukachanga sisi watoto, tukamleta fundi, tukaipiga ripu ya saruji nje yote na rangi juu yake, tukampigia baba picha amesimama mbele. Tulidhani tunamheshimu. Baada ya masika mbili ripu ilianza kulia tupu ukiigonga. Masika ya tatu ikabanduka vipande vipana kama ubao wa mlango, na kila kipande kiliondoka na udongo wa ukuta mgongoni. Ukuta wa udongo hupumua: unyevu huingia na kutoka. Saruji ilifunga mlango wa kutokea, maji yakabaki ndani, ukuta ukaoza kwa siri. Fundi alifanya alichofundishwa. Hakuna aliyemfundisha juu ya ukuta wa namna ile.

Ndugu zetu wa Mji Mkongwe, Zanzibar, wanalijua hili kwa uchungu. Majumba yao ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na watunzaji wa mji ule wamekuwa wakionya miaka nenda rudi kwamba ukuta wa chokaa utibiwe kwa chokaa, kwamba kiraka cha saruji huufungia chumvi na unyevu ndani. Mpiga chokaa anayejua kuiloweka wiki na wiki mpaka iwe laini kama maziwa ya mgando amekuwa mtu wa kutafutwa kwa tochi.

Nikitaja chokaa nakumbuka zawadi nyingine ya mlima huu. Warumi wa kale walichanganya chokaa na majivu ya volkano ya Pozzuoli, karibu na Naples, wakapata kitu kinachoganda hata ndani ya maji. Jina la majivu hayo, pozolana, limetokana na mji huo. Nasi tuna volkano. Meru ilitoa majivu mara ya mwisho 1910. Kule Holili, wilayani Rombo, pozolana inachimbwa na kupakiwa kwenda viwanda vya saruji. Tunaipandisha kwenye malori iende kiwandani, irudi kwetu kwenye mfuko, wakati chokaa na majivu laini ya mlima, kwa mtu aliyefundishwa vipimo, vingetosha kabisa kwa sakafu ya stoo na plasta ya chini ya ukuta. Kwa mtu aliyefundishwa, nasema tena.

Basi nani amfundishe? Arusha haijakosa vyumba vya madarasa. Chuo cha Ufundi Arusha kipo tangu 1978. Kituo cha CAMARTEC kilizaliwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya zana za vijijini, na mitambo yake ya biogesi ilisambaa mbali. Wakala wa utafiti wa nyumba bora, ulioanzishwa 2001, umesambaza mashine za tofali za kufungamana zinazobana udongo na saruji kidogo, kizazi cha ile mashine ya mkono iliyobuniwa Bogotá, Colombia, 1956. Ni kazi njema, na tofali lake halihitaji kuni. Lakini mashine inafundisha kubana tofali. Haifundishi kunusa udongo.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu ninaouheshimu sana: kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa vitendo, anapewa cheti. Waashi wengi wamenufaika. Ombi langu, na nitalirudia kila nitakapopewa kipaza sauti, ni kwamba mama kama Yeyo apimwe pia, siriba yake iandikwe kuwa fani, apewe cheti, kisha alipwe kufundisha wale vijana saidia fundi, ukutani, wiki sita, bila ubao wala chaki. Mmoja wa vijana wangu aliniambia, "Mzee, mteja akisikia udongo anakimbia." Ni kweli. Mteja atakimbia mpaka aone nyumba iliyosimama. Zimbabwe wana mwongozo wa kitaifa wa majengo ya udongo wa kushindilia tangu 2001, na mkaguzi wa huko ana karatasi ya kusimamia anapotoa kibali. Wa kwetu, asipokuwa na fundi wala karatasi, huona salama yake ni kukataa.

Mfano wa nyumba iliyosimama ni wa msanifu majengo Francis Kéré wa Gando, Burkina Faso, aliyeanza useremala, akaenda kusoma Berlin. Aliporudi kuwajengea shule ya udongo watu wa kijiji chake, wao wenyewe walikuwa na shaka: walijua mvua inavyofanya. Akawaonyesha, kwa tofali zilizobanwa na saruji kidogo, na paa pana lililonyanyuliwa juu ya ukuta. Shule ilikamilika 2001. Kinamama ndio waliopiga sakafu. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote za usanifu majengo. Lakini mimi huwa nawafikiria zaidi wale wanakijiji. Walijifunza wakijenga, na baada ya shule ile vijana wa Gando waliitwa kujenga kwingine, wakalipwa kama mafundi.

Stoo yangu imepita masika mbili. Upande wa kusini, mvua ya upepo ilikwangua siriba eneo la kama meza, nami Januari hii niliisiriba upya mwenyewe. Yeyo alisimama mlangoni na mkongojo wake. Alinirekebisha mara moja tu.

Sasa, ile chupa yako. Chini kabisa utaona mchanga. Huo ulitua kabla sijakuambia maana ya Elerai. Juu yake kuna tabaka laini kama unga linaloendelea kutulia sasa hivi. Hilo halinati, likizidi ni hasara kwa tofali. Maji bado ni ya rangi ya chai. Hayo machafu ndiyo mfinyanzi, unaoshuka polepole kuliko wote, mpaka kesho wakati kama huu au zaidi. Maji yakishakuwa meupe, chukua kalamu, chora mstari kwenye kila tabaka upande wa nje wa chupa, pima kwa rula. Tabaka la juu likiwa sehemu moja kwa kila tano za udongo wote, zaidi kidogo au pungufu kidogo, una udongo wa kuanzia. Mfinyanzi ukiwa haba sana au ukizidi sana, usikate tamaa: chimba hatua kumi kutoka hapo, jaza chupa nyingine. Juma lijalo nitakuwa na Yeyo hapa studio. Ya leo iache pale pale dirishani, na uwaambie watoto wasiitikise.